Kipanya cha Kulipia Kila Mwezi



Mwezi Julai mwaka 2024 mkuu wa kampuni ya Logitech, Bibi Hanneke Faber, alieleza wazo la kipanya cha kompyuta ambacho mtu angekaa nacho miaka na miaka, kama saa nzuri ya mkononi, huku kikiongezewa programu mpya. Alipoulizwa kama mteja angelipia kila mwezi, hakukataa. Watu wakaja juu. Haikupita muda kampuni ikatangaza kwamba haina mpango wa kuuza kitu cha namna hiyo.

Msikilizaji wa Chang'ombe atasema hayo ni ya Ulaya, yeye kipanya chake hununua Kariakoo na kikifa hununua kingine. Haya, tukiache kipanya, tutazame printa.

Pale Chang'ombe, jirani na Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu, wapo wanaoishi kwa steshenari. Siku za wanafunzi kukabidhi kazi zao, printa hailali. Chuo kikifunga, hata mia haiingii. Sasa, mwaka 2013 kampuni ya HP ilianzisha Marekani mpango uitwao Instant Ink. Mteja halipii wino. Hulipia idadi ya kurasa kwa mwezi, na printa huunganishwa na intaneti ili kurasa zihesabiwe. Akijitoa, katriji za mpango huo hugoma kuchapa hata kama bado zina wino. Fikirini: wino umo, karatasi ipo, umeme upo (na hilo si jambo dogo), lakini mashine inakataa! Januari 2024, mkuu wa HP wakati huo, Bwana Enrique Lores, alisema wazi kuwa lengo lao la muda mrefu ni kuufanya uchapaji uwe wa malipo ya namna hiyo.

Kuna atakayenikumbusha king'amuzi. Kweli, tangu mitambo ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam mwishoni mwa 2012, vifurushi tumevizoea. Lakini pale tunanunua mpira wa Jumamosi na habari za leo, vitu ambavyo mtu huvitengeneza upya kila siku. Kipanya hakina mpira wa Jumamosi. Kinachochoka ni kiswichi kilicho chini ya kitufe, na fundi redio yeyote mwenye risasi na mkono uliotulia hukibadilisha.

Mimi naona udumu wa kifaa hautoki kwenye malipo ya mwezi. Huko Indonesia wateja walikuwa wakizitoboa printa na kuzifungia matangi yao wenyewe ya wino. Mwaka 2010 kampuni ya Epson ikasalimu amri, ikawauzia printa yenye tangi la kujaza kwa chupa. Bei ya mashine ilipanda, ya wino ikashuka. Leo zimo hata Temeke, na mwenye duka hujaza anapopata wateja. Malipo ya kila mwezi hayajui likizo ya chuo.

Basi ukienda kununua printa, muulize muuzaji: nisipolipa chochote mwezi ujao, hii itachapa? Akisitasita, mwambie aizime intaneti, achape ukurasa mmoja ukiwa umesimama hapo hapo, kabla hujatoa pesa.