Mnazi Ukiangusha Vidaka, Tazama Alama Kabla ya Kununua Dawa

(Maneno ya afisa wa kilimo wa wadi mbele ya wakulima wa minazi, Kaunti ya Kilifi)



Nimeombwa nizungumze juu ya "yule mdudu anayemaliza minazi". Walioniomba wanisamehe, kwa sababu hakuna mdudu mmoja. Wako watatu wanaotusumbua sana, na kila mmoja ana mahali pake pa kula na alama yake anayoiacha. Ukiwachanganya, pesa ya dawa itakwenda na vidaka vitaendelea kuanguka.

Tuanzie juu, kwenye kilele. Kuti jipya likifunguka ukaona limekatwa pande zote mbili kama kwa mkasi, kwa umbo la V, hiyo ni kazi ya chonga. Ni yule mbawakavu mweusi mwenye pembe anayekuja kugonga taa usiku. Yeye hutoboa makuti machanga yangali yamefungana, kwa hivyo tunapoiona alama mwenyewe huwa ameshaondoka zamani. Lakini ukikuta tundu lenye nyuzinyuzi mbichi zilizotafunwa, huenda bado yumo. Chukua waya mgumu, ikunje ncha yake kama ndoana, umvute nje. Mnazi mkubwa huvumilia. Mche mdogo akiufikia moyo, umekwisha.

Sasa chonga hazaliwi huko juu. Hutaga mayai chini, kwenye magogo ya minazi yaliyooza na kwenye malundo ya samadi. Funza wake ni mweupe, mnene, amejikunja. Nani hapa ana gogo la mnazi limelala nyuma ya nyumba tangu mwaka juzi? Naona mikono inapanda polepole. Gogo hilo linawalea chonga wa kijiji kizima, si wako peke yako. Lipasue liwe kuni. Samadi igeuze mara kwa mara, na funza utakaowakuta wape kuku, watakushukuru.

Wa pili ndiye aliyeniaibisha mimi. Kuna mama aliniletea vidaka kwenye kikapu, nami bila hata kuvipasua nikamwambia, "Mama, ni kiangazi tu." Haikuwa ajabu kusema hivyo, maana mnazi hujipunguzia vidaka wenyewe, na ukame ukizidi huangusha zaidi. Lakini mvua ikaja, ikanyesha vizuri, na vidaka vyake bado vilikuwa vinadondoka. Niliporudi nikavitazama kama nilivyopaswa kuvitazama mara ya kwanza. Vilikuwa na vidonda vilivyodidimia, vyenye utomvu uliokauka. Nazi zilizosalia juu zilikuwa ndogo, zina mipasuko mirefu. Huyo ni kunguni wa minazi. Ni mwembamba, rangi ya kahawia, na hufyonza vidaka vikiwa vichanga kabisa. Mate yake yana sumu, kwa hivyo hata wakiwa wachache hasara yake ni kubwa.

Nikamwuliza yule mama, "Maji moto wako wako wapi?" Akasema aliwapigia dawa, maana mkwezi alikataa kupanda. Basi hapo nikaelewa. Wale chungu wekundu wanaoshona majani kuwa viota ndio walinzi wa mnazi dhidi ya kunguni huyu. Penye maji moto wengi, kunguni hapati raha. Najua wanauma, nami wameniuma. Afadhali umwongezee mkwezi kidogo kwa mnazi wenye maji moto kuliko kukosa nazi za kuangua. Kama minazi yako imeachana, funga kamba kutoka mmoja hadi mwingine ili wavuke. Na ukiona viota vinapungua bila dawa, chunguza shinani: kuna chungu wadogo wa kahawia wanaoishi ardhini ambao huwafukuza maji moto.

Wa tatu humwoni kwa macho, na hapa ndipo tunapodanganywa madukani. Ni utitiri wa nazi. Huishi chini ya kile kikofia cha kidaka, na alama yake huanza kama pembetatu nyeupe inayotokeza chini ya kikofia, kisha inageuka kahawia na kukwaruzika kama gome. Nazi hudumaa. Dawa unayonyunyiza nje haimfikii kwa urahisi alipojificha. Okota vidaka vilivyoanguka uvichome, weka samadi iliyoiva shinani, na palilia. Sitawaahidi kwamba ataisha.

Kuhusu dawa, kuna jambo moja linanikosesha usingizi. Mnazi mmoja huwa na vidaka, madafu na nazi kwa wakati mmoja. Ukipiga sumu leo kwa ajili ya kidaka, dafu lililo karibu nacho laweza kuuzwa kesho kando ya barabara, akanywa mtoto. Usipige kitu chochote kwenye mnazi kwa kusikia tu kwamba jirani alipiga.

Wenye mipapai wameniuliza juu ya ule weupe kama pamba kwenye majani na matunda. Wengi mnauita ukungu. Ni wadudu, vidung'ata vya mpapai, walioripotiwa nchini mwaka 2016 wakianzia huku kwetu Pwani. Ukiona umeanza kidogo, kata sehemu hiyo uiharibu hapo hapo. Usiibebe kupita shamba la mwenzako.

Ukishindwa kutambua, njoo ofisi ya kilimo ya wadi. Mdudu mtie kwenye chupa yenye kifuniko. Kama una simu, piga picha ya mti mzima kwanza, halafu sehemu iliyoharibika, halafu kidonda chenyewe kwa karibu, ukiweka sarafu kando yake tuone ukubwa. Wengi huleta picha ya tatu peke yake, nasi hatujui kama ni mnazi au mkorosho.

Nimekuja na panga. Mzee ametukubalia tupasue vidaka vilivyoanguka chini ya mnazi wake pale, kwa hivyo twendeni kabla jua halijawa kali.