Kabla ya Kukopa Pesa za Jino

Tuseme mwanachama ameomba mkopo apandikizwe jino. Tumjibu nini? Kwanza tuielewe kazi yenyewe.

Hili si jino la bandia la kuvaa na kuvua. Daktari hutoboa mfupa wa taya na kuingiza skrubu ndogo ya titani. Mfupa huishika pole pole, mara nyingi miezi 3 hadi 6, ndipo jino lifungwe juu yake. Msweden Per-Ingvar Brånemark alimtibu mtu wa kwanza kwa njia hii mwaka 1965.

Basi kila kitu kinategemea mfupa. Pengo likikaa miaka mingi, mfupa hupungua. Kwa mvutaji sigara, au mwenye kisukari kisichodhibitiwa, skrubu huenda isishike.

Kwa hivyo mwanachama aulize kabla ya kulipa: Eksrei imepigwa? Gharama yote ni ngapi, mpaka jino la juu? Daktari amesajiliwa na baraza la madaktari na madaktari wa meno? Skrubu isiposhika, nani atalipa?

Mzigo ukizidi, meno ya kuvaa si aibu hata kidogo. Jino moja lisije likala karo ya watoto.

Tena tukumbuke: titani haiozi, lakini ufizi unaoizunguka huugua. Mswaki ni ule ule, mara 2 kwa siku. Tuanze leo na meno tuliyo nayo.