Ndoo ya Mayai ya Chura

Kila majira ya kuchipua London, ndoo hutoka. Baba anachota mayai ya chura kwenye bwawa la bustani ya umma, anayatia kwenye ndoo hiyo, anakwenda kuyamwaga kidimbwi cha nyuma ya nyumba ili watoto waone viluwiluwi. Watu wamekatazwa, wamekatazwa tena, na bado ndoo zinatoka!

Msikilizaji, ndani ya ndoo hiyo huweza kusafiri maradhi. Tangu miaka ya 1980 virusi viitwavyo ranavirusi vimeua vyura wengi kusini-mashariki mwa Uingereza: ngozi hutoka vidonda, au mzoga unakutwa bila jeraha lolote.

Na maradhi ya vyura hayako Uingereza tu: tazama Chiloé, kisiwa cha Chile. Huko anaishi chura wa Darwin, mwenye urefu wa kama sentimita 3, ambaye dume lake hulea viluwiluwi ndani ya kifuko cha koo. Mwaka 2023 kuvu ya kitridi, inayoua vyura, iligunduliwa katika hifadhi ya Tantauco kisiwani humo. Chura hunywa maji na kuvuta hewa kwa ngozi, na kuvu hiyo hushambulia ngozi hasa. Baadhi ya vyura walionusurika wakaletwa Bustani ya Wanyama ya London, na mapema 2025 ikatangazwa kwamba madume 11 wamezaa watoto 33.

Kisiwani humo humo yumo mbweha wa Darwin, wa kilo 2 hadi 4, mla panya, wadudu, matunda, hata vyura. Mwaka 1834 mmoja aliduwaa akiwatazama maofisa wa meli wakipima ardhi; mwanasayansi Darwin, aliyekuwa safarini nao, akamnyemelea nyuma, akampiga nyundo ya kichwa. Mzoga ukaletwa London.

Chura na mbweha huyo wote wamo hatarini kutoweka. Chura hawezi kuhamia mbali. Mbweha ana miguu ya kukimbia, lakini humkuta mbwa wa kijijini anayezurura, mwenye meno na pengine ugonjwa wa distempa. Kwa wote wawili, binadamu ndiye mbebaji wa maradhi. Halafu mtu huku London anaacha mbwa wake bila chanjo, eti hatoki mbali!

Basi acheni mayai mahali pake; kidimbwi kipya vyura watakifuata wenyewe. Chanjeni mbwa. Sugueni na kukausha viatu mnapotoka bwawa moja kwenda jingine. Na ukikuta vyura wamekufa bustanini, usizike tu ukanyamaza: toa taarifa kwa mradi wa Garden Wildlife Health.