Mwaya na Mpaka Unaohama



Ramani inayotundikwa ukutani mwa ofisi huonyesha mistari iliyotulia. Mwaya, katika Wilaya ya Kyela, haina utulivu huo. Uwanda wake, ulio chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari, umejengwa kwa udongo ulioteremshwa na mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo, na mito hiyo bado haijamaliza kazi yake. Kila masika humega hapa na kujaza pale. Mpunga na kakao vya Kyela ni tunda la udongo huohuo.

Utawala nao umekuwa ukipanda na kushuka. Wajerumani walianzia ufukoni, katika kituo walichokiita Langenburg, kisha wakapanda hadi Tukuyu, zaidi ya mita 1,500, wakapaita Langenburg Mpya. Waingereza waliporithi nchi walibaki hukohuko juu. Hivyo ikawa meli zinatia nanga bondeni, na amri zinatolewa mlimani na watu wasioyaona mafuriko. Ni baada ya Uhuru ndipo Kyela ilipotengwa na Rungwe na kupata wilaya yake, jambo lililostahili kufanyika mapema zaidi.

Lakini yako mambo ambayo ofisi iliyo karibu haiyatatui peke yake. Mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa Julai 1, 1890, ulipitisha mpaka kwenye ukingo wa Ziwa Nyasa hadi upande wa kaskazini wa mdomo wa Songwe, kisha ukaupandisha na mto. Mwaka 1967 Tanzania iliieleza Malawi kwamba mpaka wa haki ni katikati ya ziwa. Malawi haikukubali, ikishikilia mkataba wa wakoloni pamoja na Azimio la Cairo la 1964 juu ya mipaka iliyorithiwa, azimio ambalo Tanzania yenyewe ililipigania. Mjadala uliwaka upya mwaka 2012.

Magazeti huandika juu ya ziwa, na mto husahauliwa. (Wanafunzi watahadharishwe: iko Songwe nyingine, imwagayo maji yake Ziwa Rukwa.) Songwe inapojichimbia njia mpya, shamba lililolala Tanzania huamka ng'ambo. Mwenye shamba ni Mnyakyusa. Jirani yake wa Karonga ni Mngonde. Lugha zao ni ndugu, na wameoana tangu kabla ya mkataba wowote. Wao wanaelewana. Anayetatizika ni mtendaji wa kijiji: ushuru ukusanywe na nani? Mtoto aandikishwe shule ipi?

Serikali mbili zilikubaliana mwaka 2017 kuunda Kamisheni ya pamoja ya Bonde la Songwe, na katika mipango yake limo suala la kudhibiti mafuriko na kuutuliza mto. Hilo ni jema, ila mabwawa hayajengwi kwa msimu mmoja, na mto hausubiri. Hapana budi kila kijiji cha mpakani kiwe na daftari lake. Mara masika yanapokwisha, mtendaji, mwalimu wa jiografia na wazee wanaokumbuka mto ulikopita watembee ukingoni, wapime kilichomegwa, waandike majina ya wenye mashamba wa pande zote mbili. Nakala moja ibaki kijijini, nyingine ifike Kyela kabla mvua nyingine hazijaanza.