Takwimu Adimu za Soka: Zinavyokusanywa, Zinavyopimwa na Wajibu Wetu wa Mbinga na Nyasa



Utangulizi

Msikilizaji wa Liuli au Lituhi anayefuatilia Ligi Kuu kwa redio hawezi kuhakiki anachoambiwa. Akisikia kwamba timu fulani haijafungwa mechi 49, analichukua neno hilo kama lilivyo, na kesho yake analitolea hoja kijiweni. Kwa hiyo hoja yangu ni hii: takwimu ina thamani pale inapojulikana nani aliihesabu na katika mashindano gani. Na takwimu za soka la huku kwetu hazitakuwepo kama sisi watangazaji na waandishi wa huku hatuziandiki.

1. Zinatoka wapi

Kazi hii haikuanza na kompyuta. Machi 18, 1950, Charles Reep, mhasibu wa Jeshi la Anga la Uingereza, alikaa jukwaani Swindon Town ikicheza na Bristol Rovers, akaanza kuandika kila shambulizi kwa alama alizozibuni mwenyewe. Kuanzia 1966 Bill Frindall alikaa na watangazaji wa kriketi wa BBC akiwa na vitabu vyake vya kumbukumbu, akiwapatia takwimu mchezo ukiendelea. Kampuni ya Opta ilianzishwa London mwaka 1996 na kuifanya kazi hiyo kuwa biashara.

Kwetu chanzo cha kwanza ni karatasi za mechi: orodha za wachezaji, ripoti ya mwamuzi na ya kamisaa. Humo mna wafungaji, kadi na wachezaji walioingia na kutoka. Cha pili ni magazeti ya zamani. Cha tatu ni kaunta buku la mtangazaji mwenyewe, na hilo ndilo linalomtofautisha na wenzake.

Kuona faida ya buku hilo, chukueni Novemba 5, 2023, Yanga ilipoifunga Simba 5-1. Maxi Nzengeli alifunga mawili. Mtangazaji aliyejiandaa alijua kwamba bao moja zaidi lingemweka Nzengeli sawa na Abdallah Kibadeni, aliyefunga matatu Simba ilipoichapa Yanga 6-0 mwaka 1977. Takwimu hiyo ilikuwa na kazi katika dakika zile zilizobaki. Ingesomwa kabla mpira haujaanza, ingepita bila kusikika.

2. Kuzipima kabla ya kuzisema

Turudi kwenye zile mechi 49. Yanga ilifungwa na Azam Aprili 2021, kisha haikupoteza mechi ya ligi hadi Ihefu ilipoifunga 2-1 kule Mbarali, Novemba 29, 2022. Lakini katika kipindi hichohicho ilifungwa na Simba katika fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam kule Kigoma, na ikatolewa na Rivers United ya Nigeria katika Ligi ya Mabingwa Afrika. Anayesema "haijafungwa mechi 49 za ligi" amesema kweli. Anayeliacha neno "za ligi" amempotosha msikilizaji.

Mfano wa pili ni wafungaji bora. Meddie Kagere alifunga mabao 23 msimu wa 2018/19. Stephane Aziz Ki alifunga 21 msimu wa 2023/24. Kwa haraka Kagere yuko mbele. Ila msimu wa Kagere ulikuwa na timu 20, kila moja ikicheza mechi 38; wa Aziz Ki ulikuwa na timu 16 na mechi 30. Ukigawa mabao kwa mechi za ligi, Kagere anapata 0.61 na Aziz Ki 0.70. Hakuna anayepunguziwa sifa hapa. Msikilizaji anapewa tu kipimo kilicho sawa.

3. Mkoa wetu

Swali la nani alikuwa bingwa wa mwaka 1986 huzua ubishi. Tukuyu Stars ilitwaa ubingwa wa Tanzania Bara. Majimaji ya Songea, hapa mkoani kwetu Ruvuma, ilitwaa ubingwa wa Ligi ya Muungano. Mashindano yalikuwa mawili na mabingwa wawili, na mtangazaji anayetaja mmoja bila kutaja mashindano anamnyima mwingine haki yake.

Majimaji ni klabu kubwa, na bado ubishi unazuka. Hali ni nzito zaidi kwa mechi za ndondo za Mbamba Bay au kwa vijana wa UMISSETA wanaocheza Mbinga mjini. Mkulima wa kahawa hapa haondoki mzanini bila stakabadhi yenye kilo zake. Kijana anayefunga mabao matatu Jumapili anaondoka bila hata jina lake kuandikwa. Siku akifika Ligi Kuu, mtangazaji wa Dar es Salaam atasema ametokea Ruvuma, kisha atakosa la kuongeza.

4. Mapendekezo

(a) Kila redio iwe na kaunta buku la mechi za wilaya: tarehe, uwanja, vikosi, wafungaji na dakika zao, kadi na jina la mwamuzi.

(b) Takwimu isisomwe hewani bila kutaja mashindano na kipindi inachohusu.

(c) Anayeandika asiwe yuleyule anayetangaza. Kazi mbili kwa mtu mmoja huzaa makosa.

(d) Nakala ya daftari ipelekwe kwa chama cha soka cha wilaya kila msimu unapokwisha, ili mtangazaji akihama kumbukumbu zisihame naye.

(e) Kosa likigundulika, lisahihishwe hewani katika kipindi kilekile lilimotokea.

Hitimisho

Hakuna pendekezo hata moja hapa linalosubiri mfadhili wala mtambo. Linahitajika daftari, kalamu na mtu mmoja aliye makini kila uwanja. Nawaomba, kabla semina hii haijafungwa, kila kituo kimtaje atakayeshika daftari lake, na kazi ianze kwa mechi za Jumapili ijayo.