Somo la Usalama Kazini: Mwenye Kuona Aseme

Somo letu la leo lahusu kazi, na hasa jinsi ya kurudi nyumbani kutoka kazini na vidole vyote kumi. Neno la kuandika ni USALAMA. Lina silabi nne: u-sa-la-ma. Mwalimu wa darasa aliandike ubaoni, nanyi mlinakili mara tatu.

Haya, twende katika kiwanda cha mkonge, kama vile vilivyoko Tanga. Majani yaletwa kutoka shambani, yaingizwa katika mashine kubwa iitwayo korona. Korona huyaponda na kuyakwangua, maji yakipita, mpaka zibaki singa. Katika kilo 100 za majani hupatikana kama kilo 4 tu za singa, kwa hiyo mashine haina budi kumeza majani mengi sana. Singa zikiisha kuanikwa juani hupelekwa kwenye brashi, nayo ni ngoma izungukayo kwa kasi. Hapo ndipo pa kuogopa. Singa ni ndefu, tena ni ngumu. Ikikuzunguka kiganjani, na ncha yake ya pili imekwisha kamatwa na brashi, haikatiki. Yavuta mkono. Na vumbi la chumba hicho huingia kifuani kila siku. Lenyewe halina haraka.

Mtu akiumia twasikia watu wakisema, “Alikuwa mzembe.” Neno hilo mimi silipendi, maana humaliza maswali kabla hayajaulizwa. Je, kifuniko cha mashine kilikuwapo? Nani alikiondoa? Labda singa zilikwama, kifuniko kikafunguliwa ili zitolewe, na kukirudisha kwataka robo saa, na wote wanalipwa kwa kipande. Basi kikaachwa ukutani. Siku ya kwanza kila mtu akiona. Siku ya kumi hakuna akionaye tena.

Mahali penye desturi nzuri ya usalama, mashine haiwashwi mpaka kifuniko kimerudi, na wa kwanza kukataa ni nyapara mwenyewe. Hata mwenye kiwanda hupata faida: mashine haisimami kwa ajili ya damu, wala hapotezi fundi wa miaka mingi akaanza kumfundisha mgeni.

Sasa sikilizeni habari ya nchi ya Bangladesh. Karibu na mji wa Dhaka, mahali paitwapo Savar, palikuwa na jengo la ghorofa nane, jina lake Rana Plaza. Ndani yake mlikuwa na viwanda vya kushona nguo, benki na maduka. Tarehe 23 Aprili 2013 nyufa kubwa zilionekana katika jengo hilo. Benki ikawaondoa watu wake. Washonaji nao walitoka, lakini kesho yake asubuhi waliamriwa kurudi, na wengine waliambiwa kwamba wasipoingia hawatapata mshahara wao. Wakaingia. Umeme ulikatika, majenereta ya juu yakawashwa, jengo likatetemeka, na kabla ya saa tatu asubuhi likaanguka lote. Walikufa watu zaidi ya 1,100.

Angalieni jambo hili. Nyufa zilionekana na kila mtu, macho hayakupungua. Kilichopungua ni uwezo wa mshonaji kusema “siingii” na bado akala mwisho wa mwezi. Mwaka ule ule wa 2013 vyama vya wafanyakazi na makampuni yaliyonunua nguo huko yaliandikiana mkataba wenye nguvu ya sheria. Viwanda vikakaguliwa, na mfanyakazi akapewa haki ya kukataa kuingia katika jengo la hatari.

Hapa Tanzania tunayo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na wakaguzi wake ni wa wakala uitwao OSHA. Sheria hiyo yataka wawepo wawakilishi wa usalama kati ya wafanyakazi. Mtu akiumia kazini kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na sheria ya mwaka 2008. Mchango wake hulipwa na mwajiri. Hata senti moja haikatwi katika mshahara wako. Wengi hawalijui hilo, na ndiyo sababu nalisema polepole: hata senti moja.

Kazi ya nyumbani ni hii. Wewe uliyeajiriwa, kesho uliza jina la mwakilishi wa usalama mahali pako, uliandike katika daftari. Kama hakuna amjuaye, andika hivyo hivyo, “Hakuna amjuaye,” ulete darasani. Wewe ulimaye shamba lako mwenyewe, andika mahali unapoweka dawa ya kunyunyizia mimea, na chupa yake ilikuwa ya nini zamani. Juma lijalo mwalimu atayasoma madaftari hayo, kisha tutaendelea na somo la kuandika barua kwa mwajiri.