Ua la Kutambaa Libaki Kwenye Kopo

Ndugu mkulima, leo tuzungumzie ua la kutambaa lenye majani ya michirizi ya fedha na zambarau, ndugu wa kongwa, lile gugu la shambani.

Kata kipande chenye vifundo vitatu, ukipande katika kopo lililotobolewa chini. Liweke barazani penye mwanga. Kwenye kivuli kizito rangi hufifia. Mwagilia pale tu udongo wa juu unapokauka.

Lakini angalia sana! Kila kifundo huota mizizi. Ukipogoa, usitupe vipande mferejini. Gugumaji nalo lililetwa Afrika kama pambo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 likaonekana Ziwa Victoria, likaziba njia za mitumbwi. Basi anika vipande juani vikauke kabisa, kisha choma. Kwaheri.